Kifungo Hajambo

Kila Jumapili ibada ikiisha, Mchungaji alisimama kwenye mlango mkubwa wa kanisa na kupeana mikono na waumini wake. Mkono wake wa kulia ulishika, wa kushoto uligusa bega, na kwa msukumo mdogo ambao mtu wa mbali hakuuona, muumini alijikuta tayari yuko nje juani, amekwisha kusalimiwa. Ilikuwa kazi ya ustadi. Mwanamke mmoja, dobi kwa kazi yake, alisema kwamba hata yeye hakamui shuka kwa wepesi ule.

Kila kundi lilikuwa na swali lake. Wazee waliulizwa miguu, wanafunzi waliulizwa masomo, akina mama waliulizwa watoto. Dobi alipofikiwa na zamu yake, Mchungaji alimshika mkono, akatabasamu huku macho yake yakiwa kwa mtu wa nyuma, akauliza, "Mama, yule kijana hajambo?"

"Hajambo," akajibu dobi.

"Bwana asifiwe."

"Amina."

Akasukumwa juani.

Kijana aliyeulizwa alikuwa amekufa miaka kadhaa nyuma. Alizikwa katika makaburi yaliyo juu ya barabara, na aliyemzika alikuwa Mchungaji huyo huyo. Udongo wa kwanza ulitupwa na mkono huo huo wa kulia.

Dobi alifua kwa sababu mama yake alifua. Utotoni alilala juu ya marundo ya nguo za watu, na ndiyo maana, alisema, hakuwahi kuota ndoto zake mwenyewe. Aliolewa na dereva wa malori ya safari ndefu, mwanamume mcheshi aliyezoea kuondoka kwa wiki nzima na kurudi kwa siku mbili, mpaka safari moja alipoondoka na asirudi kabisa. Dada yake yule dereva alikuwa amekuja kuwasalimu tu. Hakuondoka tena. "Kaka yangu amekimbia na lori," aliwaambia majirani, "mimi nimebaki hapa kama rehani." Wakawa mawifi wawili katika nyumba ya vyumba viwili, na katikati yao mtoto wa kiume.

Uani kamba za kuanikia zilipita kutoka ukuta hadi ukuta, chini chini, kwa kuwa wote wawili walikuwa wafupi. Mgeni mrefu aliingia akiwa ameinama. Wifi alisema hiyo ndiyo adabu pekee ambayo nyumba maskini inaweza kumlazimisha mtu mkubwa.

Mtoto alikuwa na jina la ubatizo, refu, lenye heshima, ambalo halikutumika hata siku moja. Aliitwa Kifungo. Jina hilo lilitokana na kazi ya mama yake, kwa kuwa kila nguo iliyoingia uani ilipekuliwa mifuko na kuangaliwa vifungo kabla haijagusa maji, na tangu alipoweza kusimama, upekuzi huo ulikuwa wake. Vifungo vilivyokatika alivitia katika kopo. Alijua kupitisha uzi kwenye tundu la sindano kabla ya kujua kusoma. Mteja alileta shati lenye kifungo kinachoning'inia, akalichukua likiwa na kifungo kilichokaza, na hakujua kitu. Majirani walitania kwamba mtoto aliyeitwa Kifungo iko siku atafungwa kweli. "Afungwe wapi," mama yake alijibu, "na yeye ndiye anayefunga?" Naye, kama ilivyo desturi, akawa Mama Kifungo, na jina lake la kuzaliwa likasahaulika pamoja na la mwanawe.

Joho la Mchungaji lililetwa kila Jumatatu, ndani ya mfuko, na mzee wa kanisa mmoja mwembamba ambaye wifi alimpa jina la Komeo. Alisema kila mlango una komeo lake, na huyu alikuwa wa mlango wa Mchungaji. Ukitaka kumwona Mchungaji, ulimwona Komeo. Ukitaka kumwambia Mchungaji neno, ulimwambia Komeo, naye alilipeleka likiwa limefupishwa, kama nguo iliyofuliwa kwa maji ya moto.

Joho lenyewe lilikuwa jeusi, zito, lenye safu ya vifungo vyeusi kuanzia shingoni hadi magotini. Mama Kifungo alilifua peke yake, kwa maji baridi, akalianika kivulini, limegeuzwa ndani nje, ili jua lisile weusi wake, kisha akalipiga pasi juu ya kitambaa chenye unyevu. Kola nyeupe aliitia wanga mpaka ikasimama yenyewe juu ya meza.

Jumatatu moja joho lilifika na kifungo kimoja, kile kinachokaa juu kidogo ya tumbo, kikining'inia kwa uzi mmoja. Uzi mweusi ulikuwa umekwisha. Mama alipokuwa kwenye kamba, Kifungo alikaa kwenye kigoda akakishona kwa uzi wa buluu, akauvusha msalaba katika matundu manne, akaukata kwa meno. Mama yake alipoona alitaka kufumua.

"Acha, mama," mtoto akasema. "Mchungaji akikiona atauliza nani kashona."

Mama aliacha. Jumapili ile mtoto alikaa mbele kabisa, na jioni akauliza kama Mchungaji ameona. Bado, mama alisema. Jumapili iliyofuata, bado. Akawa anauliza kama mtu anayeulizia mgeni aliyeahidi kufika, na mama yake akawa anajibu kwamba Mchungaji ana vifungo vingi, mwanangu, hawezi kuvitazama vyote kwa siku moja.

Kisha mtoto akaugua homa. Ilianza kama homa zote zinavyoanza, ikapanda kichwani. Mama alimtuma Komeo kwa Mchungaji, aje amwombee mtoto, kwa sababu mtoto mwenyewe alikuwa anamtaja. Komeo alirudi na jibu kwamba kulikuwa na ufunguzi wa ukumbi mpya. Mama alimtuma tena. Jibu la pili lilikuwa kwamba Mchungaji anasema tuko pamoja katika maombi.

"Pamoja wapi?" wifi alimuuliza Komeo. "Sisi tuko hapa."

Kifungo alikufa asubuhi, maji yakiwa yamekwisha kujazwa kwenye beseni.

Siku ya maziko Mchungaji alifika kwa gari ambalo dereva wake hakulizima, kwa kuwa palikuwa na ibada nyingine mbele yake. Komeo alimnong'oneza jina sikioni. Mchungaji akalitamka kwa sauti nzuri, lile jina refu la ubatizo, hata wifi akageuka kutazama ni nani mwingine anayezikwa pale. Joho lilipepea. Kile kifungo chenye uzi wa buluu kilikuwa mahali pake, juu kidogo ya tumbo, mbele ya macho ya mama, muda wote sanduku lilipokuwa likishuka. Mwisho Mchungaji alimgusa bega akasema, "Mungu anajua, mama."

Na kweli Mungu alijua. Ni Mchungaji aliyesahau.

Mama Kifungo alikaa nyumbani mpaka matanga yakaisha na wageni wakaondoka na mikeka yao. Aliporudi kanisani alikwenda na hofu ya ajabu, hofu ya kuhurumiwa. Alijiandaa njia nzima. Akifika mlangoni, Mchungaji atamshika mkono kwa muda mrefu kuliko kawaida, na yeye atalia, na watu watamwona akilia, na haidhuru. Zamu yake ikafika.

"Mama, yule kijana hajambo?"

Kinywa kikajibu chenyewe. Hajambo.

Ukitaka kuelewa jibu lile, fikiria jinsi sisi sote tulivyolelewa. Mtu aliyevunjika mguu ukimuuliza habari atasema nzuri. Aliyeunguliwa na nyumba atasema salama. Kwanza uzima, ndipo matatizo, na katikati yake kuna neno dogo lenye kazi kubwa: ila. Nzuri, ila mguu. Salama, ila nyumba. Msalimiaji mwenye utu hungoja hilo neno la pili, kwa sababu anajua kwamba la kwanza ni la adabu tu. Mlangoni pa Mchungaji hapakuwa na nafasi ya ila. Mtu alisema hajambo, na kabla hajavuta pumzi, bega lilikwisha kuguswa, jua lilikwisha kumpiga usoni.

Jumapili ya pili aliona aibu kukanusha alichosema ile ya kwanza. Ya tatu alikasirika. Baada ya hapo ikawa vita, vita ya upande mmoja, ambayo adui hakujua kama imetangazwa. Kila wiki Mchungaji aliuliza, kila wiki dobi alijibu, akarudi nyumbani na kumwambia wifi, "Bado."

"Si umwambie?" wifi alisema. "Utamngoja mpaka lini?"

"Siku akiuliza kama mtu anayeuliza, nitajibu kama mtu anayejibu."

"Basi hama kanisa. Makanisa yamejaa, utadhani maduka."

"Nihame mimi, yeye abaki? Sakafu ile nimeipiga deki kabla yeye hajaletwa."

Aliendelea kufua joho. Uzi wa buluu haukufumuliwa. Ulipauka kidogo kidogo, nao aliulinda, akikizungushia kifungo kidole anaposugua ili maji yasiuvute. Kuna wiki alizidisha wanga kwenye kola makusudi, ikawa ngumu kama ganda la mti, na Mchungaji akahubiri akizungusha shingo huku na huku. Waumini wa mbele walidhani ni Roho. Mama Kifungo aliinamisha kichwa, na kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu alicheka ndani ya nyumba ya Mungu.

Lakini palikuwa na jambo ambalo hakumwambia hata wifi. Majirani walikwisha kuacha kumtaja mtoto, kwa huruma. Shule ilikwisha kumsahau. Mlango ule wa kanisa, pamoja na uongo wake wote, ndio uliokuwa mahali pekee duniani ambapo mtu alimuulizia mwanawe kila wiki, na mwanawe kila wiki alikuwa hajambo. Alimchukia Mchungaji kwa hilo pia. Hata kitulizo chake alikuwa anakipokea kutoka mkono usiojua unatoa nini.

Mambo yalibadilika Jumapili moja ambapo foleni ilikuwa ndefu na Mchungaji alikuwa na furaha. Alimshika mkono, na badala ya kuuliza, akaongeza chumvi.

"Mama, juzi nimemwona kijana wako. Amekuwa mrefu huyo!"

Mama Kifungo hakusogea. Msukumo ulikuja, naye hakusogea. Kwa nusu pumzi, Mungu amsamehe, alitaka kuuliza mtoto alikuwa amevaa nini.

"Umemwona wapi, Mchungaji?"

"Pale njiani. Akanisalimia vizuri sana. Kijana ana adabu, umemlea." Kisha akakumbuka jambo. "Jumapili ijayo nabariki vijana wote. Mlete mbele, nimwekee mikono."

Komeo alikuwa amesimama pembeni ya Mchungaji. Alikuwa anajua. Ni yeye aliyenong'ona jina kaburini. Alitazama viatu vyake, kwa maana kazi ya komeo ni kufunga, haikuwahi kuwa kufungua.

Nyumbani wifi alisikiliza habari hiyo mpaka mwisho bila mzaha, jambo ambalo kwake lilikuwa geni. Kusahau, alisema, ni udhaifu, hata yeye husahau chumvi. Lakini huyu sasa amemtengeneza mtoto wake mwenyewe, amempa urefu, amempa adabu, anamtembeza barabarani. "Huyo si mchungaji aliyepoteza kondoo," alisema. "Huyo anachora kondoo ukutani na kuwahesabu."

Mama Kifungo aliamua kumpa nafasi moja ya haki. Angekwenda ofisini mwake, amwambie wakiwa wawili, bila umati wala foleni, ili yule mtu awe na mahali pa kuona aibu kwa siri. Siku ya katikati ya wiki alivaa gauni safi akaenda. Ofisi ilikuwa nyuma ya ukumbi mpya, sakafu ya vigae, benchi refu, na mbele ya mlango wa ndani meza ya binti wa mapokezi, mgeni katika kazi, mwenye kucha zilizopakwa rangi kwa uangalifu. Nyuma ya mlango sauti ya Mchungaji ilisikika ikicheka kwenye simu.

Binti aliuliza shida yake.

"Ni habari ya Kifungo," akasema Mama Kifungo.

"Pole, shangazi. Nani kafungwa?"

"Hakuna aliyefungwa. Kifungo. Mchungaji anajua. Au hajui, ndiyo maana nimekuja."

Binti alimtazama, akatazama mikono yake iliyochakaa kwa sabuni, akakumbuka kwamba huyu ndiye mama anayefua joho, na uso wake ukafunguka kama mtu aliyepata jibu la hesabu. Aliingia ndani. Kicheko cha kwenye simu kilisita kidogo, kikaendelea. Binti akatoka akitabasamu.

"Mchungaji anasema usihangaike, shangazi. Kifungo kama kina matatizo, atakiombea."

Mama Kifungo alikaa pale akilitafuna lile neno. Atakiombea. Hakusema atamwombea. Mwanawe alikuwa amevuliwa ubinadamu kwa silabi moja, na aliyeivua hakujua kama amevua. Aliinuka, akamshukuru binti kwa sababu binti hakuwa na kosa, akarudi uani kwake.

Jumamosi joho lilikuwa tayari, limenyooshwa, limekunjwa. Alilikunjua tena juu ya meza. Alichukua wembe mdogo wa kufumulia, akakata nyuzi za buluu, mmoja mmoja, bila haraka, akakitoa kifungo pamoja na vipande vya uzi wake. Wifi alimtazama kutoka mlangoni. Kisha Mama Kifungo alichukua gauni lake la Jumapili, lililokuwa halina kifungo shingoni tangu lilipokuwa jipya, akakishona pale. Alitumia vipande vile vile vya uzi, akiviunga. Joho akalikunja na kulitia mfukoni, na Komeo alipokuja alilichukua bila kuangalia, kama alivyolichukua siku zote.

Jumapili ilipofika, Mchungaji alitoka chumba cha nyuma akiwa amefunga joho kwa pini, juu kidogo ya tumbo. Wifi, ambaye kanisani alionekana kwa nadra kama mvua ya kiangazi, alikuwa amekuja siku hiyo na kukaa nyuma, mikono kifuani.

Wakati wa baraka ulipofika, akina mama na baba walipanga mstari na vijana wao, vijana wenye aibu, wenye mashati yaliyopigwa pasi vizuri, baadhi yake na Mama Kifungo mwenyewe. Mchungaji, mkononi ameshika kipaza sauti, alipita akiweka kiganja juu ya kila kichwa na kusema maneno mawili matatu. Mama Kifungo alisimama mwisho wa mstari. Pembeni yake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja, ambayo aliiacha makusudi.

Mchungaji alifika kwake akiwa na tabasamu la kazi. Alitazama ile nafasi.

"Mama, kijana hajambo? Mbona simwoni?"

"Hajambo, Mchungaji," akasema. Alivuta pumzi, na kwa kuwa safari hii hapakuwa na mlango nyuma yake wa kusukumiwa nje, akalimalizia jibu lake la miaka yote. "Ila alikufa. Ulimzika wewe."

Hakupaza sauti, lakini kipaza sauti kilikuwa karibu, na safu za mbele zilisikia. Mama mmoja aliyekuwa na binti yake alijiziba mdomo. Mchungaji alibaki ameinua kiganja hewani. Ikiwa kulikuwa na dakika ambayo mtu yule angeweza kuokoka, ilikuwa hiyo. Neno moja tu lingetosha. Hata nimesahau. Hata nisamehe. Mama Kifungo alimngoja kwa macho yote mawili, na baadaye alikiri kwamba alimtakia alipate neno hilo, pamoja na chuki yake yote.

Mchungaji aligeuza shingo upande wa Komeo. "Ana shida gani huyu?" akauliza kwa midomo.

"Ni Mama Kifungo, Mchungaji," Komeo akanong'ona, akiwa ametota jasho. "Mama Kifungo."

Uso wa Mchungaji ukapata nuru. Alikuwa ameona njia ya kutokea. Mama mwenye kifungo! Mama aliyefungwa, aliyechanganyikiwa, anayeona mauti mahali ambapo yeye juzi tu aliona kijana mrefu. Kiganja kikashuka juu ya kitambaa cha kichwa cha Mama Kifungo kwa uzito, na sauti ikajaa kanisa zima.

"Bwana, unakiona kifungo cha mama huyu! Naamuru kifungo kivunjike! Kila kifungo, kivunjike!"

"Amina," likajibu kanisa.

"Kivunjwe, kichomwe, kisionekane tena!"

"Amina!"

Komeo alimvuta mkono wa joho akitaka kusahihisha, lakini Mchungaji alikuwa amekwisha kufumba macho, na sauti ikishapanda kiasi kile haiteremki kwa kuvutwa mkono. Mama Kifungo alisimama chini ya kiganja kile na kusikia kanisa alilolipiga deki likiitikia amina juu ya kuvunjwa kwa mwanawe. Aliinua mkono wake mwenyewe, akaushika ule wa Mchungaji kwenye kifundo, akauondoa kichwani mwake taratibu, kama mtu anayeondoa nguo ya mwingine iliyoanguka juu ya kamba yake. Kisha akatembea katikati ya mabenchi mpaka nje. Wifi alimfuata.

Walitembea mpaka kwenye kona ya duka la vyuma.

"Angalau amelitaja," wifi akasema.

Mama Kifungo akacheka. Kilikuwa kicheko kibaya, kikavu, kilichomfanya muuza misumari atoe kichwa dirishani. Lakini kilimtoka chote.

Jumatatu Komeo alikuja na mfuko, akipita chini ya kamba akiwa ameinama. Hakukaa. Alisema Mchungaji amehuzunika sana, amekwisha kuelezwa, na ametuma pole. Alisema pia kwamba joho lilikuwa na upungufu. Mchungaji anauliza kifungo kiko wapi.

"Yuko juu ya barabara," wifi akasema kutoka kwenye beseni. "Aende akamtazame."

"Nasema cha joho, mama," Komeo akajibu kwa sauti ya chini, na macho yake yakatua kwenye shingo ya gauni lililokuwa kwenye kamba, juu ya kifungo cheusi chenye msalaba wa buluu. Alikitazama kwa muda. Ni mtu mzima, alikuwa na watoto wake. "Atanipa jibu gani nikimwambia?" aliuliza, akimaanisha nimpe jibu gani.

Mama Kifungo aliuliza huyo aliyetuma pole yuko wapi. Komeo alionyesha kwa kidevu upande wa nje. Ndipo wote watatu walipotambua kwamba walikuwa wakiisikia tangu mwanzo injini ya gari, mbele ya nyumba, isiyozimwa.

Alichukua mfuko kutoka mkononi mwa Komeo, akatoka nao. Gari lilikuwa limesimama mbali kidogo na mtaro, na kwenye kiti cha nyuma alikaa Mchungaji, bila joho, katika shati la kawaida, akionekana mdogo kuliko alivyodhaniwa. Hapakuwa na foleni wala mtu wa kunong'ona. Kutoka pale mpaka kwenye kizingiti cha nyumba palikuwa na mwendo wa mtu anayekwenda kuazima kiberiti. Mama Kifungo aligonga kioo. Kioo kikashuka hadi katikati.

Mchungaji alimtazama. Pengine alikuwa na maneno, na pengine aliyapanga njia nzima kama yeye alivyoyapanga ya kwake siku ile baada ya matanga. Lakini kinywa cha mtu hutoa kile kilichozoeshwa.

"Bwana asifiwe, mama," akasema. "Nyumbani hawajambo?"

Ndipo Mama Kifungo alipoelewa kilichomshinda kuelewa miaka yote. Lile halikuwa swali. Ilikuwa hodi ya mtu anayemwomba Mungu asije akakaribishwa ndani.

Hakumjibu. Kwetu sisi, hata adui anayekuja kukushtaki huitikiwa salamu kabla ya kufukuzwa. Mama Kifungo, aliyeitikia kila Jumapili bila kukosa, alisimama akimtazama usoni, akaiacha salamu ile ianguke barabarani kati yao. Mchungaji alingoja. Akasema tena, polepole zaidi, kwa sauti iliyokaribia kuwa ya mtu, "Hawajambo, mama?"

Aliupitisha mfuko wa joho dirishani, mchafu kama ulivyokuja, akauweka mapajani mwake, akageuka.

Uani Komeo alikuwa bado amesimama kati ya shuka mbili. Alipomwona anarudi mikono mitupu, alielewa, akaaga, akainama chini ya kamba na kutoka. Mlio wa gari ukasogea, ukafifia mtaani.

"Amesemaje?" wifi akauliza.

"Amenisalimia."

"Ukamjibu?"

"Hapana."

Wifi alisuuza shati alilokuwa nalo, akalikamua, akampa ncha moja ashike ili walinyooshe. Wakalivuta kila mmoja upande wake mpaka likalia. Alipokuwa akilibana kwenye kamba, jirani alipita nje ya ukuta na ndoo yake, akaita kama alivyoita kila siku kujua kama wenyewe hawajambo humo ndani.

"Hatujambo," Mama Kifungo akaitikia. Kisha, kwa kuwa jirani alikuwa ametua ndoo na kusimama, akaongeza, "Ila leo namkumbuka mwanangu."

"Kifungo," jirani akasema kutoka upande wa pili wa ukuta. "Yule aliyenishonea kifungo cha shati la harusi ya mdogo wangu bila kuambiwa." Na akaingia, akiinama chini ya kamba.